Kutredi Hisa kwa Siku: Maswali Kuhusu Hofu, Hasira na Kukata Hasara

Majibu haya ni ya msomaji aliye Uganda anayenunua na kuuza hisa siku ileile, kwa simu au kompyuta. Hatufundishi hapa namna ya kuchagua hisa. Tunashughulika na jambo linalounguza akaunti hata pale hisa ilipochaguliwa vizuri: mtu kushindwa kutoka kwenye biashara iliyokwishaharibika. Msimamo wetu ni mmoja. Hasara huamuliwa kwa tarakimu kabla ya kununua, kwa sababu ukishanunua akili yako si ileile tena.

Je, naweza kutredi kwa siku kwenye Soko la Hisa la Uganda?

Kwa vitendo, hapana. Soko letu, USE, ambalo biashara yake ilianza Januari 1998, ni soko la mwekezaji. Unanunua Stanbic, MTN Uganda au Airtel Uganda, unakaa nazo, unangoja gawio. Kampuni zilizoorodheshwa ni chache, na zipo siku ambazo hisa za kampuni fulani haziuzwi hata moja. Ukinunua asubuhi, wa kukupokea mchana anaweza asiwepo. Akiwepo, pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, ukijumlisha na ada za dalali, vitakuwa vimekula faida yote. Kukata hasara, yaani kuuza ukiwa na hasara ndogo kabla haijakua, kunahitaji mtu wa kununua kile unachokikimbia, na hapo hayupo.

Ndiyo maana wengi wanaotredi kwa siku wako kwenye hisa za New York. Lakini soma vizuri unachouziwa. Programu nyingi za simu hazikuuzii hisa, zinakuuzia CFD, yaani mkataba wa tofauti ya bei, pamoja na mkopo mkubwa juu yake. ESMA, mamlaka ya masoko ya Ulaya, ilipozibana CFD mwaka 2018 ilieleza kwamba kwa kawaida 74% hadi 89% ya akaunti za watu binafsi hupoteza pesa. Iliweka pia kikomo: CFD ya hisa ya kampuni isizidi mara 5 ya dhamana uliyoweka. Programu ikikupa mara 20, bei ikisogea 5% tu upande usioutaka, dhamana yote imekwisha. Hakuna nidhamu ya moyo inayoweza kuokoa hesabu hiyo.

Saa za soko la Marekani ni zipi kwetu?

Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, soko linafunguliwa saa 10:30 jioni na kufungwa saa 5:00 usiku. Miezi iliyobaki ni saa 11:30 jioni hadi saa 6:00 usiku.

Saa hizi zina madhara yake kwa hisia. Soko linafunguka ukiwa umeshafanya kazi siku nzima, pengine uko kwenye taksi katikati ya jamu ya Kampala, na nusu saa ya kwanza ndiyo yenye bei zinazoruka kuliko nyingine. Usiingie biashara ukiwa kwenye taksi au boda. Fika nyumbani, kula, kisha fungua chati. Hutakuwa umepoteza kitu ukianza dakika 30 au 45 baada ya kufunguliwa, maana kufikia hapo pengo la bei limepungua na mwelekeo unaonekana.

Kumbuka pia saa za matangazo. Benki Kuu ya Marekani hutangaza uamuzi wa riba saa 3:00 usiku kwetu (saa 4:00 usiku katika miezi ya majira yao ya baridi). Ukiwa na biashara wazi dakika tano kabla ya tangazo hilo, unabahatisha.

Kwa nini ni vigumu hivi kukata hasara? Najua napaswa kuuza, mkono hauendi.

Si udhaifu wako peke yako. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu huumizwa na hasara kuliko anavyofurahishwa na faida ya kiasi kilekile, na kwamba akiwa tayari yuko kwenye hasara huwa mwepesi wa kucheza kamari ili airudishe. Watafiti wa masoko, Shefrin na Statman, wakalipeleka jambo hilo kwenye hisa mwaka 1985: watu huuza haraka zile zinazopanda na kung'ang'ania zile zinazoshuka. Mtafiti mwingine, Odean, mwaka 1998, aliyaona hayohayo kwenye rekodi za akaunti 10,000 za dalali mmoja wa Marekani.

Kuna jambo moja la kushika hapa. Hasara ambayo hujaiuza ni hasara kamili. Akaunti inaonyesha dola 940, basi una dola 940. Soko halijui uliingilia bei gani wala halina sababu ya kuirudia. Swali la kujiuliza ni hili: kama sasa hivi ningekuwa na pesa taslimu, ningeinunua hisa hii kwa bei hii? Kama jibu ni hapana, hakuna sababu ya kuendelea kuishikilia.

Nihatarishe kiasi gani kwa biashara moja?

Asilimia 1 ya akaunti, na kwa anayeanza tunapendelea nusu asilimia. Kuhatarisha 1% si sawa na kununua hisa za 1%. Maana yake ni kwamba ukitolewa kwa hasara, akaunti ipungue 1% na si zaidi.

Fuata hesabu hii kwa mpangilio huu, usiigeuze. Akaunti ina dola 1,000. Hatari ni dola 10, ambazo kwa shilingi 3,700 kwa dola ni 37,000. Dalali anatoza dola 1 kuingia na dola 1 kutoka, kwa hiyo zimebaki dola 8. Unataka kununua kwa 20.00, na chati inaonyesha kwamba bei ikifika 19.60 wazo lako litakuwa limekosea. Umbali ni senti 40. Ongeza senti 5 za kuteleza kwa bei wakati wa kutoka (kuuza chini kidogo ya ulipopanga), zinakuwa 45. Gawa 8 kwa 0.45, unapata 17.8, na sehemu ya hisa unaiacha. Unanunua hisa 17, za dola 340. Ukitolewa kwa 19.60 barabara, umepoteza dola 8.80 pamoja na ada. Bei ikiteleza senti 5, ni dola 9.65.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kuanza na idadi ya hisa («nitachukua 50») kisha kutafuta stopu, yaani agizo (oda) kwa dalali la kuuza bei ikishuka hadi kiwango ulichotaja, inayolingana na uwezo wa mfuko. Stopu hiyo haina uhusiano wowote na chati, na ndiyo hugongwa kwanza. Angalia pia ada: dola 2 kati ya dola 10 ni sehemu ya tano ya hatari yako. Kwa akaunti ya dola 200, ambapo 1% ni dola 2, ada peke yake inamaliza kila kitu, na kutredi kwa siku na dalali wa namna hiyo hakuna maana.

Sababu ya 1% ni hii. Ukipoteza mara 10 mfululizo kwa 1%, umebaki na 90.4% ya mtaji. Kwa 10% kila mara, umebaki na 34.9%. Aliyepoteza 10% anahitaji faida ya 11.1% kurudi alipokuwa, aliyepoteza 50% anahitaji 100%, na aliyepoteza 70% anahitaji 233%. Huko ndiko akili inakochanganyikiwa na mtu kuanza kutafuta biashara moja kubwa ya kumwokoa.

Stopu niiweke wapi?

Mahali ambapo, bei ikifika, sababu yako ya kununua imekufa. Kwa mnunuzi, mara nyingi ni chini kidogo ya bei ya chini ya karibuni kwenye chati ya dakika 5 au 15 (ambapo kila alama ni bei za dakika hizo). Kisha ilinganishe na mwendo wa kawaida wa hisa hiyo. Kipimo cha ATR, yaani wastani wa umbali ambao bei husogea katika kila kipindi, kipo karibu kwenye kila programu ya chati. Kama ATR ya dakika 5 ni senti 15, stopu ya senti 6 itagongwa na mtikisiko wa kawaida hata kama uliona sawa.

Usiiweke kwenye namba iliyonyooka kama 19.50 au 20.00, kwa sababu oda za watu wengi zimerundikana hapo. Weka 19.43. Na ukiona kwamba mahali sahihi pa stopu ni mbali mno, punguza hisa, si umbali.

Stopu ya soko na stopu ya limiti, ipi bora?

Kwa kukata hasara, stopu ya soko. Bei ikigusa kiwango chako, oda inauza kwa bei yoyote iliyopo. Unaweza kutoka senti chache chini ya ulivyotaka, lakini unatoka. Stopu ya limiti inakubali kuuza kwa bei uliyotaja au iliyo bora zaidi tu. Chukua mfano: stopu 19.60, limiti 19.55. Habari mbaya inatoka, bei inaruka kutoka 19.70 hadi 19.20 bila kupita katikati. Oda yako imeamka, imekaa 19.55, na hakuna anayenunua kwa bei hiyo. Unaitazama hisa ikishuka hadi 18 ukiwa bado unayo.

Hata stopu ya soko haikulindi kila mahali. Hisa ikisogea kasi kupita kiasi, masoko ya Marekani huisimamisha kwa dakika 5, na ikifunguliwa inaweza kuanza mbali na ilipoachia. Kwa madalali wengi stopu hailindi nje ya saa rasmi za soko, ilhali ripoti za faida za kampuni nyingi hutoka baada ya kufungwa. Kwa hiyo anayetredi kwa siku afunge kila kitu kabla ya kengele ya kufunga soko.

Nikiweka stopu, kuna la kuangalia baadaye?

Ndiyo, mawili. Kwanza, muda wa oda. Ikiwekwa kama oda ya siku, inafutika soko likifungwa. Ukilala na hisa umelala bila ulinzi. Pili, oda zilizobaki. Ukiuza kwa mkono halafu ukasahau kufuta stopu, kwenye akaunti ya mkopo (ambamo dalali anakukopesha) oda ile inaweza kuuza hisa usizokuwa nazo, ukajikuta una biashara ya kushuka, inayokupa hasara bei ikipanda, ambayo hukuipanga. Njia salama ni oda tatu zilizofungwa pamoja: ya kuingia, ya stopu na ya faida, ambapo moja ya kutoka ikitekelezwa nyingine inajifuta.

Umeme ukikatika, au intaneti?

Hapa Uganda swali hili si la kubahatisha. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na stopu kichwani tu hakuwa na stopu. Hakikisha oda iko kwenye seva ya dalali na si ndani ya simu yako: iweke, zima data kabisa, kisha ingia kupitia kifaa kingine uone kama bado ipo. Kuwa na laini za mitandao miwili tofauti, simu iliyojaa chaji, na namba ya meza ya biashara ya dalali iliyoandikwa kwenye karatasi.

Bei iligonga stopu yangu kisha ikapanda palepale. Si wananiwinda?

Hisa 17 hakuna anayezitafuta. Kinachotokea ni kwamba umeiweka mahali ambapo kila mtu ameweka, au karibu mno. Likitokea mara moja, acha lipite. Likitokea mara nyingi, pitia biashara zako 20 za mwisho uandike ilishuka kiasi gani chini ya stopu kabla ya kugeuka. Kama mara nyingi ni senti 5 hadi 8, una jibu: ongeza umbali kwa kiasi hicho na upunguze hisa ili hatari ibaki ileile. Kuondoa stopu kabisa ni jibu baya, na ndilo ambalo hasira hulileta kwanza.

Naruhusiwa kusogeza stopu?

Kuelekea faida, ndiyo. Kuelekea hasara, kamwe. Lakini hata huko kwenye faida usiwe na pupa. Wengi, bei ikipanda kidogo tu, hukimbilia kuvuta stopu hadi bei ya kuingilia ili «wasipoteze». Bei inapumua, inawatoa kwa sifuri, inaendelea na safari. Ngoja hadi faida ifikie angalau kiasi ulichohatarisha, na uivute hadi chini ya bei ya chini mpya iliyojitengeneza, si mahali panapokupa raha.

Kwa nini nisiongeze hisa bei ikishuka, ili wastani wangu uwe mzuri?

Kwa sababu unaongeza pesa kwenye wazo ambalo soko limeshalikataa. Mwekezaji wa miaka kumi anaweza kuwa na hoja. Wewe una saa chache. Ukinunua hisa 17 kwa 20.00 na nyingine 17 kwa 19.60, wastani ni 19.80, na kila senti inayoshuka sasa inakuuma mara mbili. Mtindo huu hufanikiwa mara nyingi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Unakuzoesha, hadi siku ile hisa isiyorudi inapochukua faida za miezi.

Nimepoteza mara tatu leo na nataka kurudisha. Nifanye nini?

Funga programu. Hasira hasara, na sokoni msemo huu una tarakimu zake: biashara ya nne ya mtu aliyekasirika huwa na hisa nyingi zaidi na haina mpango.

Weka kikomo cha siku kabla siku haijaanza: 3% ya akaunti, au hasara tatu mfululizo, lolote litakalotangulia. Kikomo cha wiki kiwe 6%. Madalali na programu kadhaa zina sehemu ya kuweka kikomo cha hasara cha siku, na kikifikiwa zinakataa oda mpya. Kitumie, kwa sababu ahadi uliyojipa mwenyewe utaivunja saa 4 usiku. Kama dalali wako hana, mpe mtu wa nyumbani ruhusa ya kukuambia «basi» na umtii.

Elewa pia kwamba mfululizo wa hasara si ishara ya laana. Mbinu inayopoteza mara 60 katika 100 inaweza kuwa nzuri kabisa, na katika biashara 100 za namna hiyo karibu ni hakika utakutana na hasara tano zilizofuatana. Asiyelijua hili huitupa mbinu yake siku mbaya zaidi ya kuitupa.

Wenye akaunti ya pesa taslimu, isiyo na mkopo wa dalali, wana breki ya asili. Tangu 28 Mei 2024 mauzo ya hisa Marekani hukamilika siku moja ya kazi baada ya biashara, kwa hiyo pesa uliyouzia leo haijakamilika hadi kesho, na kuizungusha tena mapema huleta onyo au kufungiwa. Wengi huilalamikia kanuni hii. Kwa anayeanza, sisi tunaiona ni msaada. Akaunti ya mkopo kwa miaka mingi ilibanwa na kanuni ya FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa Marekani, iliyotaka akaunti iwe na angalau dola 25,000 kwa anayefanya biashara nne za siku ileile ndani ya siku tano za kazi. Bodi ya FINRA iliidhinisha pendekezo la kuibadilisha Septemba 2025, kwa hiyo muulize dalali ni kanuni ipi anayoitumia sasa.

Mimi tatizo langu ni kuuza faida mapema mno.

Ni ugonjwa uleule kwa upande wa pili, na unaua polepole. Tuseme unashinda mara 40 katika 100, na kila hasara ni kipimo 1 (kiasi ulichohatarisha). Ukiacha washindi wafike vipimo 2, una 80 toa 60, faida ya 20. Ukiogopa ukauza kila mshindi kwenye kipimo 1, una 40 toa 60, hasara ya 20. Ukiwaacha washindi wafike 2 lakini ukasogeza stopu hadi hasara ikawa kipimo 1.5, ni 80 toa 90, hasara ya 10. Hisa ni zilezile na chati ni zilezile. Kilichobadilika ni kutoka tu.

Kama huwezi kabisa kuvumilia, uza nusu kwenye kipimo 1 na uache nusu ifike 2. Kwa tarakimu hizo hutapata faida (60 toa 60), lakini ni bora kuliko kuuza yote.

Nitajuaje kwamba hisia zimenishika?

Mwili unatangulia akili. Unaangalia kiasi cha pesa badala ya chati. Umeshuka kutoka chati ya dakika 5 hadi ya dakika 1 ukitafuta sababu ya kubaki. Unajibu watoto kwa ukali. Umebeba simu chooni. Dalili moja kati ya hizi inatosha kuonyesha kwamba umechukua hisa nyingi kuliko moyo wako unavyohimili, na dawa ni kupunguza nusu hapohapo, si kuvuta pumzi. Kipimo kizuri: weka oda zako tatu, kisha nenda kaswali magharibi au ukale chakula cha usiku na familia. Ukishindwa kuacha simu, kiasi ni kikubwa.

Daftari la biashara liandikwe nini?

Kabla ya kuingia: hisa, sababu kwa sentensi moja, bei ya kuingia, stopu, lengo, idadi ya hisa, na hali yako (umelala saa ngapi, umegombana na mtu?). Baada ya kutoka: bei, na kama ulifuata mpango, ndiyo au hapana. Jumamosi, jumlisha kando biashara ulizofuata mpango na kando zile ulizokiuka. Usitenganishe zenye faida na zenye hasara tu, maana biashara iliyovunja kanuni ikaleta pesa ndiyo itakayokufundisha vibaya.

Naweza kutumia pesa ya SACCO, mkopo wa simu, au ada ya shule niizungushe kwanza?

Hapana. Pesa yenye tarehe ya kurudishwa huwezi kuikata hasara, kwa sababu kila shilingi inayopungua ina mwenyewe anayeidai. Utasogeza stopu. Hatujui namna ya kulizuia hilo zaidi ya kutoingia na pesa hiyo.

Na makundi ya Telegram na WhatsApp yanayotoa ishara?

Mtu anayekuambia «ingia sasa» bila kutaja stopu na idadi ya hisa hajakupa mpango. Mara nyingi ujumbe hufika bei ikiwa imeshakwenda, na wewe ndiye mnunuzi anayesubiriwa. Anayeomba umtumie pesa kwa simu «akutredie» mkatae, na kabla ya kumpa mtu yeyote pesa ya uwekezaji hapa nchini, angalia kama ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA.

Ni lini niache kabisa?

Watafiti Chague, De-Losso na Giovannetti walifuatilia watu wa Brazil walioanza kutredi kwa siku mikataba ya faharasa ya hisa (kipimo cha jumla cha bei za soko) kati ya 2013 na 2015. Miongoni mwa waliodumu zaidi ya siku 300, 97% walipoteza, na ni 1.1% tu waliopata zaidi ya mshahara wa kima cha chini wa nchi hiyo. Anza ukijua hivyo.

Tunapendekeza mipaka miwili iliyoandikwa mapema. Mtaji ukipungua 20%, rudi kwenye akaunti ya majaribio kwa biashara 50 kabla ya kugusa pesa halisi. Ikipungua 20% kwa mara ya pili, au ukianza kumficha mwenzi wako hasara, acha. Futa kwanza oda zote zinazosubiri, kisha uza kilichobaki, pakua taarifa za akaunti, na utoe pesa hadi kwenye akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe. Programu iondoe kwenye simu siku hiyohiyo.